Achari ya Nani?

"Kwani hiyo achari anaila nani hasa?"

Shangazi Dhanmaya aliuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa, lakini Nirupa alimjua. Kwa magoti yale yake, shangazi hakuwa mtu wa kupanda ngazi mpaka juu ya paa kwa swali la bure.

Nirupa hakuinua uso. Alikuwa amekaa mkekani na tango kubwa mapajani, tango zee lililoiva mpaka ganda likawa la kahawia, lenye nyufa kama tope lililokaushwa na jua. Alilipasua katikati, akachukua kijiko na kukomba mbegu pamoja na ute wake, akazitupia bakulini. Nyama iliyobaki, nyeupe na ngumu, ndiyo iliyotakiwa. Tango bichi la kijani halifai kwa achari hii. Huoza kabla halijachacha.

"Ni ya Lokendra," alijibu. "Wewe si ulikuwepo alipoiomba?"

"Nilikuwepo. Nilikuwepo pia siku ile ya kwanza alipokuja kutengeneza waya wetu, mama yako akamkaribisha wali. Akagusisha achari kidogo tu kwenye ulimi, nikadhani tutaita machela."

Nirupa akashindwa kuzuia tabasamu. Lokendra alikuwa fundi wa nyaya za umeme, na siku hiyo alishuka kwenye nguzo ya mbele ya nyumba yao akiwa ameloa mvua. Alikula ile achari huku machozi yakimtiririka, akasema ni tamu, akaomba nyingine. Kila alipojifuta macho alikuwa akimtazama Nirupa kupitia mwanya wa vidole. Tangu hapo umeme wa mtaa wao, hapo mjini Tansen, ukawa na hitilafu zisizoisha, na fundi akawa hakauki.

"Cheka, cheka," shangazi alisema, akijishusha mkekani huku akiguna. "Mtu yule pilipili haiwezi. Kichachu hakiwezi. Kabla ya sikukuu ya Dashain akachukua chupa, ikaisha. Akachukua nyingine, nayo imeisha. Sasa anataka ya tatu, na safari hii eti iwe kali zaidi, na chachu zaidi. Niambie, mwanangu, wewe si mtoto. Nani duniani hutamani kichachu hivyo, na kila akila anataka tena?"

Kijiko kikasimama ndani ya tango.

Shangazi hakulitaja jibu. Alichukua kipande cha tango, akakisugua chumvi, akakitafuna taratibu huku akitazama bonde lililojaa ukungu.

"Hata mimi sitaki kusema," akaendelea. "Lakini posa ilikuwa ije kabla ya Dashain, ikasogezwa. Ikasogezwa tena. Baba mtu alikuja peke yake, akakaa ukingoni mwa kiti kama aliyekalia miiba, chai hakuimaliza. Mama mtu yuko wapi? Mgongo. Mgongo gani huo, msimu mzima? Khimkumari ninayemjua mimi alikuwa akipanda mlima huu kila siku ya soko na kapu la mboga mgongoni. Wale wana mtoto mmoja tu, Nirupa. Mtoto mmoja akiharibu, nyumba nzima inamfichia."

"Akiharibu nini?"

"Sijui. Mimi nauliza achari anaila nani."

Alipoondoka, Nirupa aliendelea na kazi, maana matango hayangoji mtu atulie. Akayakata vipande virefu, akayapaka chumvi, akayatandaza kwenye ungo yapigwe jua yanyauke. Mikono ilikuwa ikienda yenyewe. Kichwani alikuwa na swali moja, na kila alipoligeuza lilikuwa na sura ya mwanamke asiyemjua, kijana, mzuri, ameketi mahali fulani na mkono juu ya tumbo.

*

Lokendra alifika alasiri, mfuko wa vifaa begani. Nirupa alikuwa amekwisha kukaanga pilipili na mbegu za haradali bila mafuta, na sasa alikuwa akizisaga kwenye jiwe. Moshi wa pilipili ulikuwa bado unaning'inia hewani. Lokendra alipiga chafya kabla hata hajasalimia.

"Unataka kuniua, Niru."

"Ningetaka ningekwisha kukuua."

Alicheka, akachuchumaa upande wa pili wa jiwe. Alikuwa na macho yale yale ambayo kwa miezi Nirupa alilala nayo na kuamka nayo, macho ya mtu anayekutazama kana kwamba amekuja kwa ajili ya hilo tu. Leo alimwangalia chini ya macho hayo na kuona weusi, kama wa mtu asiyelala.

"Umechoka," alisema.

"Kazi."

"Kazi gani? Umeme haujakatika wiki nzima."

Lokendra akachukua punje ya timur, kiungo kingine cha achari, akaizungusha vidoleni bila kuitia mdomoni. Alishaonywa mara moja; punje zile hutia ulimi ganzi mtu akashindwa hata kutamka jina lake. "Nyumbani kuna mambo mengi," akasema.

"Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea."

"Mgongo?"

"Ndiyo. Mgongo."

Nirupa akamimina haradali iliyosagwa juu ya matango, akatia manjano, chumvi, pilipili ya unga, kisha akakoroga kwa mkono mpaka kiganja kikawa cha rangi ya machungwa. Akachagua kipande kimoja, akakinyoosha mbele ya mdomo wa Lokendra.

"Onja."

"Niru, unajua mimi..."

"Onja. Si ni yako? Mtu hujua chumvi ya chakula chake."

Alionja. Uso ukawaka, masikio yakawaka, akakohoa mpaka akashika ukuta. Siku nyingine Nirupa angekimbilia maji. Leo alikaa tu akimtazama.

"Huiwezi," alisema. "Hukuiweza mwanzo na huiwezi sasa. Chupa zangu anakula nani, Lokendra?"

"Mama," alijibu, bado anakohoa. "Mama anaipenda."

"Mgongo unatibiwa kwa achari?"

Alijifuta machozi, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakumtazama kupitia mwanya wa vidole. Alitazama pembeni. Hapo ndipo jicho la Nirupa lilipoanguka kwenye mfuko wa vifaa uliokuwa wazi. Juu ya koleo na mkasi wa nyaya palikuwa na malimau makubwa ya kijani, fungu la ukwaju, na kitambaa laini cha pamba, cheupe, kimekunjwa vizuri. Kitambaa chembamba kile si cha kushona shati la mtu mzima.



"Ni nani?" aliuliza. Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka.

Lokendra aliufunga mfuko haraka. Haraka hiyo ndiyo iliyommaliza Nirupa.

"Si kama unavyofikiri."

"Nafikiri nini? Hebu niambie ninavyofikiri!"

"Niru, nimeapishwa. Kuna jambo si langu kulisema. Ngoja mpaka baridi ipungue. Niamini mpaka hapo tu."

"Nikuamini nini? Nipe jambo la kuamini, nitaliamini! Hata la uongo! Umekuja hapa mikono mitupu unataka imani, na achari juu yake."

"Nakupenda. Hilo si jambo?"

"Hilo huwa wanasema wote," Nirupa alisema, na mara alipolisema alijua ni maneno ya shangazi yake yaliyotoka kinywani mwake, na hakuyarudisha.

Lokendra alisimama. Midomo ilicheza kama ya mtu anayetaka kutapika neno, kisha akaimeza pumzi. "Chupa ikiwa tayari nitaifuata."

"Hutaifuata. Anayeila mwambie aje mwenyewe."

Alishuka ngazi bila kugeuka. Nirupa alibaki na mikono inayowaka pilipili, akajisahau, akajifuta nayo macho, ikabidi mama yake apande na ndoo ya maji.

*

Aliijaza chupa kwa hasira. Alishindilia vipande kwa mpini wa mwiko mpaka hewa ikakosa pa kukaa, akachomeka pilipili nzima pembeni, akachemsha mafuta ya haradali na kutia uwatu mpaka ukawa mweusi, akayamwaga juu yakiwa moto. Akaifunga kwa kitambaa na kuiweka juani. Kila asubuhi aliigeuza ili upande mwingine nao upate jua. Simu ililia, jina la Lokendra likawaka na kuzimika, likawaka na kuzimika. Hakuipokea. Usiku aliifungua kutazama kama ameandika. Ameandika: *Niamini.* Akaizima.

Achari ilianza kuchacha, ikanukia paa zima. Ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza, na hilo lilimuudhi.

Kisha shangazi akarudi, safari hii hakupanda ngazi. Alikaa jikoni kwa Hiradevi, mama yake Nirupa, akavua shali, akasema:

"Wifi, tumekwisha. Leo sokoni nimekutana na mwanamke wa Deurali, kijijini kwa kina Lokendra, nyumba ya tatu kutoka kwao. Anasema madirisha ya nyumba ile hayafunguliwi mchana. Na mkunga ameonekana. Anaingia kwa mlango wa nyuma, wa zizi la mbuzi."

Hiradevi aliacha kuchambua mchele. Alikuwa mjane, mwanamke wa maneno machache, na kwa miaka mingi jambo lililompa usingizi lilikuwa moja tu, kwamba hakuna mtu mtaani aliyewahi kuicheka nyumba yake.

"Mkunga," akarudia.

"Mkunga, Wifi. Wamemweka mtoto wa watu ndani, anazaa, kisha watakuja kumchukua wetu kama hakuna kilichotokea. Yule mwingine sijui watampeleka wapi."

"Nirupa!"

Nirupa alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

"Kesho nawaita wajomba zako," mama yake alisema. "Tunavunja uchumba. Wakija hapa na maziwa yao ya mgando ya posa wataondoka nayo."

"Nipe kesho, Mama."

"Ya nini?"

"Nataka kumwona kwa macho yangu."

"Umwone ili iweje? Umpige? Ulie mbele yake?"

"Sijui," Nirupa alisema. "Lakini nikivunja, nivunje kwa nilichokiona. Sitaki kuishi na nilichoambiwa."

Shangazi alifungua kinywa. Hiradevi akamwinulia mkono anyamaze, na shangazi, kwa mshangao wa wote, akanyamaza.

*

Deurali iko ng'ambo ya bonde. Nirupa alishuka kwa miguu asubuhi ukungu ukiwa bado mzito, chupa ya achari imefungwa kwa shali mgongoni. Alikuwa amelipanga la kusema. Angempa yule mwanamke chupa mkononi na kumwambia, *chukua, nilikuwa nakupikia bila kukujua.* Basi. Halafu angegeuka. Hangelia mpaka afike kwenye mpunga, ambako hakuna mtu.

Lakini kadiri njia ilivyopanda upande wa pili, ndivyo maneno yalivyobadilika. Mara alitaka kumpasulia Lokendra chupa miguuni. Mara alitaka awe amekosea, alitaka hilo kwa nguvu iliyomtia aibu. Alikumbuka mkono wake mkubwa wenye makovu ya nyaya ukimshika kiwiko kwenye ngazi yenye utelezi, jinsi ulivyomwachia mara tu alipofika pakavu, kwa heshima, kama aliyeazima kitu. Mtu wa namna hiyo humficha mwanamke ndani ya zizi? Akajijibu: wote huwa hivyo mpaka wasiwe.

Nyumba ilikuwa kama ilivyoelezwa. Kuta za udongo mwekundu, madirisha yamefungwa ilhali jua limekwisha kutoka. Barazani palikuwa na ungo, na juu ya ungo, ukipigwa jua, palikuwa na kimto kidogo cha pamba nyeupe. Nirupa akakigusa. Ndani kulikuwa na mbegu ndogondogo zilizoteleza chini ya vidole. Haradali. Mto wa kulazia kichwa cha mtoto mchanga ili kikae mviringo. Kitambaa alikitambua.

Basi. Hapakuwa tena na la kubahatisha.

"Wewe uliye ndani!" aliita.  "Toka! Nimekuletea achari yako!"

Kitu kikaburutwa, kiti labda. Kisha hatua nzito, za taratibu, za mtu anayejishika ukutani. Komeo likavutwa.

Aliyesimama mlangoni alikuwa Khimkumari.

Nirupa alitazama nyuma ya bega lake kumtafuta yule mwingine. Ndani hapakuwa na mtu. Akamrudia Khimkumari usoni, uso ule wa sokoni aliouzoea, sasa umevimba kidogo na umepauka. Kisha macho yakashuka yenyewe. Shali ilikuwa imetupwa kwa haraka juu ya tumbo, na ilikuwa ndogo mno kwa kazi hiyo.

Mbuzi akalia zizini.

"Mgongo nao unauma," Khimkumari alisema hatimaye. "Hilo halikuwa uongo."

"Ma..." Nirupa alishindwa kumalizia. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Mwanamke mzima, mwanangu wa kwanza ana ndevu. Ingia, binti, kabla hawajakuona. Au simama hapo hapo. Sasa yote sawa."

Nirupa aliingia. Giza la ndani lilinuka majivu na malimau. Khimkumari alijishusha kwenye kitanda cha kamba kwa pumzi ndefu, akamwonyesha kigoda.

"Nilimzaa Lokendra mimi mwenyewe nikiwa mtoto," alisema akitazama mikono yake. "Halafu nikangoja. Hakuna hekalu la milima hii ambalo sikulipandia. Mama mkwe wangu alikufa ananiita gogo. Mwishowe nikaacha kuomba. Miezi ilipokatika nikasema, haya, uzee umeingia, afadhali. Naenda kwa daktari anitibu tumbo, daktari anacheka. Siku ile ile mwanangu ananiambia amepata mchumba." Akainua macho. "Umewahi kusikia jambo kama hilo? Mama mkwe anakuja kuposa na mimba mbele?"

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Nilimshika mwanangu mkono, nikauweka kichwani pangu, nikamwapisha. Nikamwambia, ukimwambia mtu, na hasa yule binti, umenizika. Alilia, ndiyo. Alilia kama mtoto mdogo." Akaivuta shali juu ya tumbo. "Mama yako angesema, namtoa mwanangu aolewe au akawe yaya wa shemeji yake? Na angekuwa na haki. Ningesema vile vile kama ningekuwa na binti."

Kichwani Nirupa alimsikia mama yake akiyasema maneno hayo hayo, akaona hata mahali ambapo angeweka mkono kiunoni.

Akaona kwamba macho ya Khimkumari yalikuwa yameng'ang'ania shali iliyofungwa mgongoni mwake.

"Ni ile?" mama yule aliuliza kwa aibu.

"Ni ile. Kali zaidi. Kama ulivyotaka."

Khimkumari hakungoja sahani. Alitoa kipande kwa vidole, mafuta yakimchuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono, akakitia kinywani na kufumba macho. Kisha cha pili. Kisha akaanza kulia, machozi makubwa, huku anatafuna, na Nirupa hakujua kama ni pilipili au ni nini, mpaka alipogundua kwamba yeye mwenyewe, ambaye hakuonja hata kidogo, naye analia.

"Mwaka huu sikuweza kupanda paa kuanika matango," Khimkumari alisema kwa kinywa kilichojaa. "Nikamwambia mwanangu, kama huyo msichana anajua kutengeneza achari, niletee, vinginevyo nitakufa. Kumbe mkono wako ni mzito wa pilipili kuliko wangu. Usikasirike. Ni sifa."

Kivuli kikaingia mlangoni. Lokendra alikuwa na kofia mkononi, anahema kama aliyekimbia mlimani. Jirani alikuwa amekwisha kumpigia simu. Alimtazama mama yake, akaitazama chupa, akamtazama Nirupa, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo siku nyingine ingemyeyusha.

"Umejua," alisema. "Nashukuru. Niru, nashukuru Mungu umejua mwenyewe."

"Njoo nje," Nirupa alisema.

Walisimama barazani, mtaa wote ukitazama kupitia nyufa za milango. Safari hii Nirupa hakujali.

"Unadhani yamekwisha?"

"Si umeona? Hakuna mwanamke."

"Nimeona. Nimeona kwamba ungeniacha. Mama yangu leo alikuwa anaita wajomba kuvunja. Ungekaa kimya. Ungeniacha nikae nikikujua wewe ni mhuni maisha yangu yote, ilimradi tu watu wasimcheke mama yako."

"Niliapa juu ya kichwa chake!"

"Sikukutaka uvunje kiapo. Ungemwambia yeye akutoe kwenye kiapo! Ungepiga magoti kila siku mpaka akutoe! Ulijaribu?"

Lokendra aliizungusha kofia mkononi. "Mara moja," akasema. "Alilia. Nikaacha."

"Na mimi nilipolia, wewe ulikuwa wapi?"

Hilo alilipokea kichwa chini. Alikuwa na uzuri fulani akishindwa, hakubisha wala hakutafuta kisingizio, na Nirupa alijichukia kwa kuliona hilo wakati kama ule.

"Nifanye nini?" aliuliza.

Nirupa akageuka, akasema kwa sauti ya kufika ndani. "Sitakuja nyumba iliyofunga madirisha. Mama akitaka mkwe, aje aniombe mwenyewe. Mchana. Kwa njia ya sokoni. Hivyo hivyo alivyo."

Ndani, kutafuna kukakoma.

*

Hiradevi alipoambiwa, aliweka mkono kiunoni mahali pale pale. "Ukafue nepi za shemeji yako? Ukiwa bibi harusi?"

"Zitafuliwa na atakayekuwa karibu na maji, Mama."

"Watu watacheka."

"Watacheka. Kisha watachoka."

Shangazi Dhanmaya yeye alicheka mpaka akashika nguzo, kisha akanuna, maana habari kubwa kama ile ilikuwa imefika Tansen bila kupitia mdomoni mwake. "Hawatakuja," akasema mwishowe. "Yule mwanamke hatathubutu. Utaona."

Siku zikapita, na Nirupa naye akaanza kuamini hivyo. Lokendra hakupiga simu. Alikuwa ameambiwa asipige mpaka awe na la kusema, na kwa mara hii akatii, na utiifu wake ulimkosesha usingizi kuliko simu zake zote.

Wakaja siku ya soko.

Kelele za mtaani ndizo zilizotangulia. Hazikuwa kelele za kucheka, zilikuwa zile za watu wanaoitana waje waone. Nirupa aliinama ukingoni mwa paa. Kwenye ngazi za mawe zinazopanda kutoka sokoni, Khimkumari alikuwa akija, hatua moja kisha pumzi, hatua moja kisha pumzi, sari nyekundu, tumbo mbele, hakuna shali. Mkononi alibeba mwenyewe chombo cha maziwa ya mgando chenye nyasi za kijani mdomoni. Baba mtu alikuwa kando yake anatazama vidole vya miguu yake. Lokendra alikuwa nyuma kidogo, mikono imenyooshwa nusu, tayari kumdaka.

Wenye maduka walisimama. Aliyekuwa akipima dengu aliacha mizani ikiwa imeinama. Khimkumari hakumkwepa hata mmoja macho, ingawa masikio yake yalikuwa mekundu kama sari.

Walipofika uani, Hiradevi alikuwa amesimama mlangoni, amenyooka kama mwiko. Hakukaribisha wala hakufukuza. Ndipo Shangazi Dhanmaya, ambaye hajawahi kuuacha ukimya ukae, akasema kwa sauti ya kufika sokoni:

"Jamani, hebu tuelezwe vizuri. Mwenye mimba hapa ni bibi harusi au mama mkwe?"

Uani pakawa baridi. Lokendra alipiga hatua mbele. Mama yake akamrudisha kwa kiwiko.

"Ni mimi, dada," Khimkumari alisema, akihema. "Bibi harusi bado. Mpeni nafasi kwanza."

Mtu mmoja kwenye ukuta wa jirani akapasuka kicheko, na mwingine, na baba mtu, aliyekuwa hajainua kichwa tangu Deurali, akainua na kucheka kuliko wote, machozi yakimtoka. Hata mdomo wa Hiradevi ulicheza pembeni. Alijaribu kuubana, haukukubali.

"Wifi," alimwambia Dhanmaya, "usisimame hapo kama nguzo. Mletee mwenzetu kiti. Chenye egemeo. Huoni mgongo unamuuma?"

Akashuka ngazi mwenyewe, akakipokea kile chombo cha maziwa kwa mikono miwili.

Nirupa alikuwa ameshuka mpaka ngazi ya mwisho. Lokendra akamsogelea, si karibu sana, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Alikuwa amekonda.

"Nilipiga magoti," alisema kwa sauti ya chini. "Kila siku. Leo asubuhi ndiyo kaniambia, inuka, umenichosha, nipe sari yangu nyekundu."

Nirupa alimtazama kwa muda mrefu. Alitafuta yale macho yake ya kukimbilia pembeni akiulizwa. Hakuyaona. Hata hivyo hakumpa tabasamu bado.

"Siku nyingine wakikuapisha," alisema, "niite na mimi niapishwe. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

"Nitakuita, Niru," alisema Lokendra, mbele ya mtaa mzima, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.